Mkebe wa Halua

Alfajiri ile nilikuwa nimetoka zamu ya usiku bandarini Kilindini, hapa Mombasa. Nilipofika nyumbani Kibokoni taa ya chumba cha mama ilikuwa inawaka, kama kawaida yake saa kumi na moja ikishapita. Nikatoa salamu mlangoni. Sikujibiwa. Nikaingia nikamkuta ameketi juu ya msala, miguu ameinyoosha, mtandio umemteleza hadi mabegani, na dera lake limelowa jasho kana kwamba amemwagiwa ndoo ya maji. Nikamwita. Akaniangalia vizuri tu, akaniita kwa jina la kakake, marehemu mjomba wangu, akaniuliza kama jahazi limeshatia nanga.

Nilidhani ni kiharusi. Mke wangu hakungoja nidhani zaidi, alikimbia kwa jirani, mama mmoja ambaye yeye mwenyewe ameishi na sukari miaka mingi. Akaja na kijimashine chake, akamdunga mama kidole. Kikasoma 2.4. "Imeshuka," akasema. "Leteni maji na sukari." Nilikuwa sijui kwamba ikishuka chini ya 4 ni hatari, maana kwetu nyumbani hofu ilikuwa upande mmoja tu, sukari isipande. Vijiko vitatu vya sukari katika kikombe cha maji, mama akanyweshwa kidogo kidogo kwa kuwa bado alikuwa anaweza kumeza. Jirani alituonya kwamba angekuwa amepoteza fahamu tusingemtia kitu chochote kinywani, ni kumbeba na kukimbia hospitali. Baada ya kama robo saa mama akaniita kwa jina langu na kuuliza kwa nini watu wamejaa chumbani kwake asubuhi yote ile.

Hospitali tulikwenda vilevile, na daktari akakataa kumruhusu siku hiyo hiyo. Alisema dawa yake ya sukari hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu wa miaka 76 sukari inaweza kupanda kwa kile kikombe halafu ikaanguka tena baadaye. Na ilianguka tena, saa nne ya usiku, akiwa kitandani mle wodini na muuguzi yuko karibu. Mpaka leo nikiikumbuka ile saa nne moyo hunishtuka, kwa sababu mchana wake nilikuwa nimembembeleza daktari anipe mama yangu niende zangu.

Lakini kilichobadilisha maisha yetu ni swali alilouliza yule daktari tulipofika. "Anakunywa dawa gani?" Nikajibu, "Za presha na za sukari." Akaniangalia. "Zipi?" Nikanyamaza. Mimi ndiye ninayeishi naye. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa na ndugu zangu kila Ijumaa, mama anakunywa dawa? nami nikijibu, anakunywa.

Mama huweka dawa zake kwenye mkebe wa halua. Ni mkebe mkubwa wa bati aliouleta dadangu kutoka Maskati miaka kadhaa iliyopita, halua yenyewe ililiwa kwa siku mbili na mkebe ukabaki. Siku ile nilirudi nyumbani, nikaukunjua mkeka sebuleni, nikaumwaga mkebe wote juu yake. Zilikuwa pakiti na bahasha kumi na tisa. Bahasha zile ndogo za kaki kutoka kliniki, nyingine zimefutika wino. Pakiti za rangi rangi kutoka Nairobi. Vitamini za Maskati. Karatasi ya vidonge vya magoti. Dawa ya kikohozi iliyopitwa na tarehe tangu 2021. Chini kabisa, habasoda kwenye chupa, na fundo la uwatu uliosagwa.

Kabla ya hapo, kwa muda wa kama mwaka mzima, sisi watoto wake tulikuwa tumekubaliana kwamba mama ameanza usahaulifu. Ndivyo tulivyoelezana. Presha haishuki kwa sababu anasahau dawa. Miguu inavimba kwa sababu anasahau dawa. Dadangu wa Kisauni alimnunulia kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kila chumba kimeandikwa siku kwa herufi za Kizungu, na mama alishukuru, akakiombea dua, kisha akakitia pini zake za mtandio. Tukaona hiyo nayo ni dalili.

Aliporudi kutoka hospitali nilikaa naye kitandani, nikamwonyesha pakiti mojamoja. Hii unakunywa? Nakunywa. Hii je? Nakunywa, asubuhi na usiku. Hii? Hiyo ya kakako, nayo nakunywa. Nilipofika ya kumi hivi sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Akanishika mkono. "Nyote mwanambia nisiwate dawa," akasema. "Sikuwata hata moja."

Hakuwa anasahau. Alikuwa anatii. Alikuwa amemtii kila mmoja wetu, kikamilifu, bila kumkosea yeyote.

Mkebe wote niliutia kwenye mfuko nikaupeleka kwa mfamasia, si muuzaji wa kaunta bali mfamasia mwenyewe, binti mmoja mpole ambaye duka lake haliko mbali na Mwembe Tayari. Nilikwenda saa nane mchana, wakati wateja ni wachache, na namshauri kila mtu achague saa kama hiyo. Hakutaka orodha. Alitaka mkebe. Alisema orodha humwambia mtu anachodhani anakunywa, mkebe humwambia anachokunywa. Tukakaa zaidi ya nusu saa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kusoma jina la pili. Kila pakiti ina jina kubwa la kiwanda, la rangi, lenye kupendeza, na chini yake kuna jina dogo la dawa yenyewe. Hilo dogo ndilo la maana. Akaitandika bahasha ya kliniki iliyoandikwa amlodipini miligramu 10, kando yake pakiti ya Nairobi yenye jina jingine kabisa, akaniambia nisome maandishi madogo. Amlodipini miligramu 10. Mama alikuwa anakunywa miligramu 20 kwa siku ya dawa ambayo kiwango chake cha juu ni 10. Kisha akachukua pakiti ya pili ya Nairobi. Hiyo ilikuwa na dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, metfomini na glibenklamidi. Na kliniki ya hapa ilikuwa imempa metfomini yake peke yake na glibenklamidi yake peke yake. Kwa hiyo zote mbili alikuwa anazinywa mara mbili.

Ilivyotokea ni hivi. Mama alikuwa amekwenda Nairobi kukaa na kakangu miezi miwili. Alipokuwa huko akapelekwa kwa daktari mzuri, akaandikiwa dawa nzuri, na aliporudi kakangu akaendelea kumtumia kila baada ya miezi mitatu, kwa mapenzi yake, kwa fedha zake. Hapa naye akaendelea na kliniki yake. Daktari wa Nairobi hakujua ya Mombasa, wa Mombasa hakujua ya Nairobi, na mtu pekee aliyekuwa katikati yao ni mama, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Halafu mfamasia akanieleza jambo ambalo bado hunirudia usiku. Alianza na vile vidonge vya magoti. Ni diklofenaki, mama akimtuma mjukuu kuvinunua dukani, viwili viwili, kila magoti yakimsumbua, na magoti humsumbua karibu kila siku kwa sababu nyumba yetu ni ya ghorofa na ngazi zake ni za kizamani, refu na wima. Diklofenaki hupandisha presha, na huzichosha figo, hasa za mzee. Presha ilipopanda, kliniki ikaongeza amlodipini kutoka 5 hadi 10, na huku ile ya Nairobi ipo. Amlodipini nyingi huvimbisha vifundo vya miguu. Miguu ilipovimba, akaandikiwa furosemaidi, ile dawa ya kutoa maji. Dawa ya kutoa maji pamoja na diklofenaki huzikausha na kuzibana figo zaidi. Na figo zikishachoka, ile glibenklamidi haitoki mwilini upesi, hujikusanya, na sukari huanguka.

Akachora yote haya kwa kalamu nyuma ya bahasha, mshale baada ya mshale. Dawa ilizaa dawa, na zote babu yao ni magoti. Karatasi ile ninayo.

Nikataka kuzitupa zote pale pale. Akanikataza. Akasema dawa nyingine zikikatwa ghafla mwili hushtuka, presha ikaruka, na kwamba kazi ya kupunguza ni ya daktari, kazi yangu ni kumpelekea ukweli wote. Isipokuwa moja tu. Diklofenaki alisema isirudi mkebeni, kuanzia siku hiyo. Kuhusu glibenklamidi akaniambia kuna orodha ya dawa zisizowafaa wazee, iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mmarekani, Mark Beers, na kwamba glibenklamidi imo. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu ya 2013, liliandika kwamba haifai kwa aliyepita miaka 60. Niulize kwa daktari, akasema, kwa adabu, kama kuna nyingine. Kulikuwa na nyingine. Swali hilo moja lilichukua dakika mbili kliniki. Daktari akaangalia kipimo cha figo, akambadilishia, akaanzia kiwango cha chini.

Miezi minne baadaye mama alikuwa ametoka kwenye vidonge kumi na vinne kwa siku hadi sita. Vifundo vya miguu vikarudi kuwa vya kwake. Dawa ya kutoa maji daktari akaiondoa kabisa.

Na hapo ndipo nikajua kitu kingine. Siku ile dawa ya maji ilipoondolewa, mama alimwambia mke wangu, si mimi, "Sasa ntaweza kwenda Likoni." Ana ndugu yake Likoni, khalati yetu, na kwa zaidi ya mwaka alikuwa haendi. Sisi tulidhani ni uchovu. Kumbe ile dawa ilikuwa inamkimbiza chooni kila baada ya muda mfupi, na kusimama kwenye foleni ya feri, kati ya watu, huku mkojo umembana, kwa mwanamke wa makamo yake, ni fedheha ambayo asingethubutu kunieleza mimi mwanawe wa kiume. Kwa hiyo alikuwa na njia zake mbili. Siku za kawaida alikaa nyumbani akainywa. Siku za harusi, au maulidi, au matanga ambayo hawezi kukosa, hakuinywa, na akirudi jioni humwambia mke wangu, n'shakunywa. Hiyo ndiyo dawa pekee aliyowahi kuiacha, na aliiacha kwa sababu ya haya. Ningemuuliza daktari mapema, pengine ingekuwa rahisi tu kusogeza saa, aende akirudi ainywe. Sikuuliza kwa sababu sikujua kama kuna la kuuliza.

Tangu hapo mazungumzo ya mambo kama hayo namwachia mke wangu na khalati. Mimi nabaki nje ya mlango. Si kila mtoto ndiye anayefaa kuuliza kila swali.

La bahasha za kaki lataka maneno yake, kwa sababu najua ziko katika kila nyumba ya mji huu. Imeandikwa 1×2. Maana yake kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Mjukuu wa mama, yaani binti yangu wa darasa la tano, alipomsomea nyanyake aliisoma kama hesabu ya shule, moja mara mbili ni mbili, basi nyanya akanywa viwili kwa pamoja. Na ikiwa imeandikwa 2×1, nani atajua? Nikichukua dawa sasa sitoki dirishani mpaka nimwambie mhudumu aniambie kwa mdomo, vidonge vingapi, saa ngapi, kabla ya chakula au baada, na ni ya nini. Kisha namrudishia maneno yake nikiyasema mimi. Wengine hukasirika kwa sababu nyuma yangu kuna foleni. Mimi husimama hivyo hivyo.

Na saa. Karatasi moja ilikuwa na namba 8 asubuhi na 8 usiku, kwa saa za Kizungu. Binti yangu akasoma nane. Mama akawa anakunywa dawa ya asubuhi saa nane mchana, na ya usiku akiamka saa nane za usiku, anajikokota gizani kutafuta maji. Nilimsikia mara kadhaa akitembea usiku, nikadhani ni usingizi wa uzee.

Kwa hiyo tuliachana na saa kabisa. Mama hana haja na saa ya mtu. Siku yake imegawanyika tangu utotoni, Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha, na sisi tuko karibu na ikweta, Magharibi ya Mombasa husogea kama nusu saa tu mwaka mzima. Nilimpelekea daktari hayo, akayapanga upya juu ya swala na chakula. Ya presha akimaliza Alfajiri. Metfomini pamoja na chai ya asubuhi na pamoja na chakula cha usiku baada ya Isha, kamwe si tumbo tupu maana humchafua. Ile mpya ya sukari pamoja na chai pia, na akiwa hajala, hainywi. Hilo la mwisho tumelirudia mpaka watoto wanalijua. Asiyekula mahamri yake asimeze kidonge chake.

Kuna jambo dogo la kinu. Metfomini ni kidonge kikubwa, humkwama, kwa hiyo alikuwa anakiponda kwenye kinu cha iliki na kukinywa na maji. Kumbe kile cha Nairobi kilikuwa cha aina inayoachia dawa polepole kutwa nzima, ukikiponda yote humwagika kwa pamoja. Mfamasia alimpa vidogo vya kawaida, viwili badala ya kimoja.

Ya uwatu na habasoda nilikuwa nimeshajiandaa kwa vita, nikidhani daktari atazikataza na mama atakataa. Daktari hakukataza. Alitaka tu kujua, kwa kuwa uwatu nao unaweza kushusha sukari, na akinywa kijiko leo na vitano kesho hawezi kupima dawa yake ikae wapi. Wakakubaliana wao wawili, nikiwa nimekaa kando, habasoda kwenye asali kama kawaida, uwatu basi kwa sasa. Mama alimheshimu sana kwa kule kumuuliza. Njia nzima ya kurudi, ndani ya tuktuk, alikuwa anamsifu.

Sasa niseme la ndugu zangu, nalo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Siku ile niliyoumwaga mkebe nilipiga picha mkeka wote na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake nikaandika, mnamuua mama. Nilikuwa sijalala siku mbili. Lakini niliandika, na kakangu alisoma, nikaona alama mbili za buluu, na hakujibu kwa wiki nzima. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa pesa. Mwezi ambao hakulipwa mshahara alikopa ili dawa zifike. Mimi ninayekaa naye chini ya paa moja sikuwahi kuufungua mkebe, na yeye aliye mbali ndiye niliyemtwika.

Alikuja mwenyewe. Akapanda treni, akateremka Miritini, nikaenda kumpokea na tukakaa kimya garini mpaka Makupa. Hapo nikamwambia, kaka, nilikosea, na mkosaji wa kwanza ni mimi niliyekuwa nyumbani. Akaniambia, "Ungenipigia simu." Alikuwa na haki. Alipofika alikaa miguuni pa mama, akaomba radhi, na mama akashangaa radhi ya nini, mwanangu, umeniletea dawa.

Usiku huo, sisi watatu tulioko na dadangu wa Maskati kwenye simu, tuliweka utaratibu, na umeshikamana hadi leo. Daktari ni mmoja, na akienda kwa mwingine, iwe Nairobi iwe jicho iwe jino, mkebe huenda naye. Hakuna dawa inayoingia nyumbani kabla picha ya jina lake dogo haijatumwa kwenye kundi, hata vitamini, hata ya kikohozi. Pesa za kakangu sasa hulipia vipimo na vile vistripu vya kijimashine, ambavyo ndivyo vinavyokula fedha zaidi. Na kuna daftari. Daftari la shule la kawaida la kurasa 96, limefungwa kwa uzi kwenye msumari kando ya jokofu. Presha ya asubuhi, sukari, dawa mpya, dawa iliyoondolewa na sababu yake. Daktari husoma daftari kabla hajamgusa mama. Aliniambia hajui kwa nini watu wengi huja na picha za mifupa yao za miaka kumi na hawaji na karatasi moja ya dawa zao.

Vidonge hubaki ndani ya karatasi zake za kung'aa mpaka dakika ya kumezwa. Joto na unyevu wa mji huu huvilainisha vikiwa wazi. Na mkebe umetoka juu ya jokofu, ambako kuna joto la mashine, umehamia kabati ya chumbani.

Ramadhani iliyofuata ndiyo ilikuwa ngumu. Tulikwenda kwa daktari mapema, katikati ya Shaabani, tusije tukagutuka mwezi umeandama. Akasema baada ya lililotokea hawezi kumruhusu afunge, si siku moja moja, si nusu. Mama hakubishana naye. Alipofika nyumbani akaingia chumbani, na nikasikia analia. Miaka zaidi ya sitini hajakosa Ramadhani ila kwa uzazi na hedhi. Mimi sina elimu ya kumwambia kitu juu ya hilo. Nikamwomba ustadhi wa msikiti wetu aje, akaja baada ya Alasiri, akakaa na kumsomea aya ya 184 ya Suratul Baqara, taratibu, akamweleza fidia, kumlisha maskini kwa kila siku, na kwamba aliyepewa ruhusa na Mola wake akaikataa hajaongeza kitu. Mama akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka sharti lake. Fidia haitakuwa pesa za kutumwa kwa simu. Itapikwa jikoni mwake. Siku zote za mwezi ule kulikuwa na sufuria ya ziada, mbaazi za nazi au tambi au uji wa pilipili manga, na mjukuu anakimbia nayo uchochoroni kabla ya adhana ya Magharibi. Yeye alikuwa anakula chakula chake cha mchana na dawa yake mlango umefungwa, asiwatamanishe wanaofunga.

Nimeliacha mwisho lile la kisanduku cha pini.

Lilinijia siku moja nikimtazama akisoma. Mama husoma kila siku baada ya Alasiri, msahafu mkubwa, kisha daftari la zamani la kaswida alizoandika mwenyewe akiwa msichana. Ni Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Hakwenda shule ya Kizungu, alikwenda chuoni kwa mwalimu, na barua zake zote kwa babangu, alipokuwa baharia, ziliandikwa kwa herufi hizo. Nimekua nikiyajua haya. Na miaka yote hiyo nilikuwa nampa bahasha zilizoandikwa kwa herufi za Kizungu, na kisanduku cha siku saba asichoweza kusoma, na kumtegemea mtoto wa darasa la tano amsomee, halafu namwita msahaulifu. Hakuniambia kwamba hawezi kuzisoma. Nani angependa kumwambia mwanawe hivyo?

Nilinunua lebo nyeupe za kubandika na kalamu ya wino mzito. Herufi zangu za Kiarabu ni za madrasa, zimekwaruza, sijaziandika tangu nina miaka kumi na mitatu. Nilikaa sebuleni nikaandika lebo, moja kwa kila dawa, jina lake, kazi yake, na swala yake. Nikambandikia, nikampelekea mkebe.

Akavaa miwani. Akachukua pakiti ya kwanza, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti. Kisha akaisoma tena, polepole, kidole chake juu ya neno.

"Hapa umeandika bresha," akasema.

Akaninyooshea mkono nimpe kalamu, akaongeza nukta mbili chini ya ile moja, akaipuliza wino ukauke, akachukua ya pili.